Sawa ya Fundi

Ami alisema "sawa" huku macho yake yako kwenye mwiko, nami nikaandika daftarini kwamba amekubali.

Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa Mei, mwaka 2011, masika yamekolea, katika nyumba kongwe ya Mji wa Kale ambayo ukitoka mlangoni na kupinda kichochoro kimoja unaiona Ngome ya Yesu imejaza mwisho wa njia. Nilikuwa na miaka 27 na cheo cha msimamizi wa kazi. Chini yangu walikuwa watu kumi na mmoja, karibu wote wanaume, na zaidi ya nusu yao walishika mwiko au randa kabla mimi sijazaliwa. Huyo niliyemwita ami hakuwa ndugu wa baba yangu. Alikuwa fundi wa chokaa, mtu wa Lamu aliyehamia Mombasa ujanani, na mtoto wa Kibokoni kama mimi hawezi kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake, hata kama ndiye anayemwandikia malipo.

Nilichomwambia ni hiki: lipu ya pili ipigwe Jumatano, wala tusingoje zaidi, na ndani ya chokaa tutie saruji kidogo ili ishike upesi. Mwenye nyumba alikuwa anakuja mwezi wa Julai kutoka Muscat kumuoza binti yake humo humo, kabla Ramadhani haijaingia, na kampuni iliyoniajiri ilikuwa imeshampa ahadi. Nikamuuliza ami mbele ya wenzake wote, "Itawezekana?" Akasema, "Sawa, mwanangu. Inshallah." Kisha akainama kuosha mwiko ambao ulikuwa tayari umeoshwa.

Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, kama mita mbili na nusu hadi tatu kutoka ukuta hadi ukuta. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu. Hunywa maji ya ardhini na unyevu wa bahari, kisha huyatoa tena pamoja na chumvi yake, na chokaa huyapisha. Chokaa yenyewe hukomaa taratibu. Ilikuwa jiwe, ikachomwa tanurini ikaacha kuwa jiwe, na sasa ukutani huvuta hewa ile ile tunayoitoa puani mpaka irudi kuwa jiwe tena. Saruji haina subira hiyo. Huufunga ukuta, na maji yaliyofungiwa hutafuta pa kutokea. Ukiwa katika masika, lipu ya kwanza bado mbichi, ukaifunika kwa lipu yenye saruji, umetega mtego ndani ya nyumba ya mtu.

Jumanne, mtunza stoo alinijia nikiwa juu ya jukwaa. "Ami asema chokaa yataka kupumzika." Nikamjibu kwamba chokaa tunayo ya kutosha, mapipa manne yamelowekwa tangu mwezi uliopita. Akanitazama kidogo, akashuka ngazi.

Jumatano ami alichelewa kuja, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja. Alipokuja alilowesha ukuta, akakaa. Akachanganya karai moja, akaitazama. Mpaka adhana ya adhuhuri inasikika kutoka Msikiti wa Mandhry alikuwa amepiga kipande cha ukuta kisichozidi upana wa leso. Nilikasirika. Niliona uvivu, na zaidi ya uvivu niliona mwanamume mzima anayeidharau amri kwa sababu imetoka kwa msichana. Nikaandika "nusu siku" mbele ya jina lake. Jioni nikaleta mafundi wawili vijana wa kumsaidia, na kufikia Alhamisi ukuta wote wa msana, ule ukumbi mrefu wa ndani, ulikuwa umepigwa, mweupe, umenyooka, wapendeza. Jumamosi saa sita alipokea malipo yake yaliyokatwa, akahesabu noti moja moja, akasema, "Sawa."

Lipu ilianguka katikati ya Juni, usiku, nyumba ikiwa tupu. Asubuhi tulikuta kipande kikubwa kama ubao wa mlango kimelala sakafuni kimevunjika mara tatu, na sehemu iliyobaki ukutani ukiigonga kwa kifundo cha kidole inalia kama debe. Vijana walisimama kimya. Ami alichukua kipande kimoja, akakigeuza upande wa ndani, akaupitisha ukucha wake. Ndani kulikuwa na unyevu.

Nilimfuata nje, kwenye baraza. Alikuwa ameketi, kikombe cha kahawa mkononi. Nikamwambia, kwa hasira ya mtu anayetaka kulia, "Ami, ulijua. Kwa nini hukuniambia?"

Akanishangaa kweli kweli. "Nalikwambia. Nalikwambia mara tatu."

"Lini?"

"Jumatatu nalikujibu sawa, sikukutazama. Jumanne nalimtuma mtu wa stoo. Jumatano nalikawia." Akanywa kahawa. "Hukusikia, mwanangu. Na mimi siwezi kukwambia mbele ya watoto wale kwamba hujui. Wewe ndiye mkubwa wao. Nikikuvunja leo, kesho utawashikaje?"

Miaka mingi imepita na bado nayarudia maneno hayo. Nilikuwa nimemuona mtu anayenivunjia amri, naye muda wote ule alikuwa ananilinda. Kunyamaza kwake kulikuwa ni heshima, na kukawia kwake kulikuwa ni njia ya kununua siku mbili tatu nipate kufikiri. Aliniambia kwa lugha ambayo mama yangu anaizungumza kila siku. Mama yangu ni mtu ambaye akikasirishwa na jirani huvaa leso yenye jina linalomlenga, akapita mbele ya baraza yake mara moja tu, na mtaa mzima ukaelewa. Nimelelewa ndani ya lugha hiyo. Nilipopewa daftari na kofia ya plastiki niliiacha nyumbani.

Hapa sina budi kusema jambo nililoliruka. Habari ya saruji haikutoka kwangu. Bosi alinipigia simu Jumapili usiku, akaniambia tutie saruji, na mimi nilijua kwamba si sahihi, maana ndilo somo la kwanza tulilofundishwa kuhusu nyumba za chokaa. Nikamjibu, "Sawa, bosi." Nilikaa kimya kidogo kabla ya kusema sawa hiyo. Nilitaraji atakisikia kile kimya.

Nilipokwenda kumueleza kwamba ukuta umeanguka na kwamba kosa ni langu, aliniuliza swali lile lile nililomuuliza ami. "Ulijua? Sasa mbona hukuniambia?" Naye aliuliza kwa mshangao wa kweli. Bosi yule alikuwa mtu wa haraka, aliyekulia katika kujenga maghala na majumba ya kupangisha, kazi ambazo siku moja ya kuchelewa ina bei yake na zege likikauka limekauka. Sauti yake ilikuwa juu hata akikusalimu. Watu walimuogopa, na nadhani hakuwahi kulijua hilo, kwa sababu yeye mwenyewe akibishiwa hakuwa anakasirika. Alikuwa akisema, "Haya, nionyeshe," na ukimuonyesha alibadilika pale pale. Niliyaona hayo baadaye, mara nyingi. Malipo ya vibarua hayakuchelewa kwake hata Jumamosi moja. Kwake yeye neno "sawa" lilikuwa na maana moja tu, na mtu aliyenyamaza ni mtu asiye na la kusema. Kati ya ami asiyeweza kusema wazi na bosi asiyeweza kusikia kisichosemwa wazi alipaswa kuwapo mtu wa kutafsiri. Mtu huyo nilikuwa mimi. Kazi hiyo hasa ndiyo niliyolipwa kuifanya, wala sikuijua.

Nilimrudishia ami nusu siku yake, nikamuomba radhi mbele ya wale wale niliomkata mbele yao. Tukabandua lipu yote ya msana. Mwenye nyumba aliarifiwa, na harusi ikafanywa ukumbini.

Mwishoni mwa Juni ile, siku ambayo kazi ilikuwa imesimama, ami aliniambia twende tukatembee. Hatukwenda mbali. Tuliingia Ngomeni. Ulikuwa mwezi ambao UNESCO waliiingiza Ngome ya Yesu katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mjini watu walikuwa wanalizungumza jambo hilo kila baraza, kwa hiyo nilidhani anataka kunionyesha mizinga au vyombo vilivyotolewa kwenye ile jahazi ya vita ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome mwaka 1697. Alipita vyote hivyo. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta, akaweka kiganja.

"Huyu alikuwa na haraka," akasema. Akasogea hatua nne. "Huyu hapa fundi. Tazama alivyolilaza jiwe." Akasogea tena. "Huyu alikuwa akimuigiza huyu, lakini mkono wake mzito." Aliusoma ukuta ule kwa muda wa saa nzima, pembe kwa pembe, kama mtu anayewatambulisha jamaa zake arusini. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593. Aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati, Muitaliano aliyekuwa akiwatumikia Wareno kule Goa, na amri ilikuwa ya mfalme mmoja aliyezitawala Hispania na Ureno pamoja. Lakini mchoro haukati jiwe. Kuna watu waliosimama juu ya mwamba huu wa matumbawe kwenye jua la Mombasa, kila mmoja na mkono wake, wakalazimika kuuunganisha mmoja na mwingine mpaka ukuta usimame. Baadaye wakaja Waomani wakaongeza juu yake, na Waingereza nao wakaongeza. Ami alinionyesha mahali ambapo mikono miwili tofauti inakutana na huwezi kupenyeza hata wembe. "Hawa," akasema, "wakijuana."

Ndani ya jumba la makumbusho kuna kipande cha ukuta chenye picha walizochora askari wa Kireno kwa makaa na rangi nyekundu: meli, makanisa, samaki, hata kinyonga. Nilikuwa nimekiona tangu nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Siku ile ndipo nilipowaza kwamba hao walikuwa watu wa lindo, waliokaa usiku kucha juu ya ukuta wa nchi ngeni, na kwamba huenda hakuna mkubwa wao hata mmoja aliyewauliza wanawaza nini. Waliuambia ukuta.

Tangu hapo siwezi kuisoma habari ya Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa wa zama za Wareno, bila kuiona kama habari ya kazini, ingawa iliishia kwenye damu. Baba yake, Sultani Hasan, alikosana na Wareno akauawa mwaka 1614. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri, akabatizwa akaitwa Dom Jerónimo, kisha akarudishwa Mombasa awe mfalme, kijana anayejua Kireno, anayesali kanisani, mwenye mke Mkristo. Kila kitu kwake kilikuwa kinasema "sawa". Kapteni wa Ngome, Pedro Leitão de Gamboa, alimdharau, na masimulizi ya zama zile yanaeleza kwamba kijana alikuwa akienda kuomba kwenye kaburi la babake kwa dini ya babake. Hiyo ilikuwa ishara. Ilipomfikia kapteni, kapteni aliisoma kama hatia ya kumpeleka mtu mahakamani Goa. Mwezi wa Agosti 1631 Yusuf aliingia Ngomeni na watu wake akamuua kapteni kwa mkono wake, na Wareno wa mjini wakauawa. Mwaka uliofuata aliiacha Ngome akaenda zake baharini, Wareno wakarudi. Juu ya lango kuna jiwe lenye maandishi yao, ambamo kapteni mwingine anajisifu kwa miji ya pwani aliyoiadhibu, Pate na Siu zikiwemo. Nimesimama chini ya jiwe lile mara nyingi. Ni ripoti ya kazi ya mtu ambaye hakujifunza lolote kwa yaliyompata mwenzake.

Sisemi kwamba kila fundi anayenyamaza ana jambia kiunoni. Nasema kwamba utiifu unaoonekana kwa macho hautoshi kumjua mtu, na kwamba anayeshika madaraka ndiye mwenye wajibu wa kujifunza lugha ya mwenzake, kwa kuwa yeye ndiye ambaye asipojifunza wengine huumia.

Nilianza kujifunza. Nilinunua daftari jingine, si la mahudhurio, nikawa naandika namna kila mtu anavyokataa. Seremala wetu, mtu wa Kisauni, alikuwa akipiga kelele tangu asubuhi: mbao mbovu, misumari mifupi, nani amegusa msumeno wangu. Nilikuwa nimemhesabu kuwa mkorofi. Nikagundua kwamba kelele zile ndizo kufikiri kwake, na kwamba siku za hatari ni zile anazonyamaza. Siku aliyonyamaza tangu asubuhi hadi chai nilimwendea nikamkuta amekata fremu ya mlango fupi kwa vidole viwili na hajui atamwambiaje mtu.

Mhandisi kijana aliyetoka Nairobi kuja kufanya mazoezi alikuwa kinyume cha ami. Yeye aliuliza. Kila amri aliuliza kwa nini, mbele ya watu, na kila jibu aliliandika pamoja na tarehe. Wazee walimuona ana kiburi. Mmoja alikataa kabisa kufanya naye kazi. Nilimkalisha chini tukala viazi karai pamoja, na ndipo aliponieleza kwamba katika kazi iliyotangulia alilaumiwa kwa jambo ambalo hakuambiwa, hakuwa na maandishi ya kujitetea, na nusura afukuzwe. Kalamu yake ilikuwa ngao. Nilimuomba maswali yake ayaulize wakati wa chai, akiwa ameketi, akianza na "nifundishe". Alikubali, na baada ya wiki mbili ami alikuwa akimwita mwenyewe aje aone chokaa inavyozimwa. Nikamuomba na ami atuachie kalamu ile. Alicheka, akasema mwandiko haumuumi mtu.

Na mimi nilibadilisha swali. "Itawezekana?" ni swali lenye jibu moja tu kwa mtu wa adabu. Nikawa namuuliza fundi, peke yetu, "Ukuta huu ungekuwa wa kwako, ungefanyaje?" Hapo hakuna wa kumvunja. Mtu anazungumzia nyumba yake. Niliambiwa mengi kwa swali hilo.

Mwaka uliofuata nilifanya kazi kwenye nyumba nyingine, upande wa Bandari ya Kale, chini ya mkubwa wa namna tofauti kabisa. Nilifurahi nilipomjua. Alikuwa mpole, kila asubuhi alitukusanya, kila mtu akasema lake, hata kibarua wa siku moja. Nilidhani nimefika. Baada ya mwezi seremala, ambaye nilikuwa nimemchukua pamoja na yule mhandisi kijana, akawa kimya. Alikuwa anangoja uamuzi mmoja tu, milango ibaki na upana wa zamani au ipanuliwe, na uamuzi ule ulizungumzwa asubuhi kumi na mbili bila kutolewa. Kila aliyesema alisikilizwa, na aliyesema mwisho alisikilizwa zaidi. Mkubwa yule aliogopa kumuudhi mtu yeyote, na kwa kuogopa huko alituudhi sote. Nilimpenda na ninampenda mpaka leo. Lakini nilijifunza kwake kwamba kusikiliza ni nusu ya kazi, na mtu mwenye njaa ya jibu hashibi kwa kuulizwa tena.

Nyumba hiyo ndiyo iliyonipa siku ya boriti. Tulikuwa tunafungua dari ya chumba cha nyuma, watu watano juu, watatu chini. Nyapara wetu alikuwa mtu wa maneno machache mno. Neno nyapara lina historia yake: lilikuwa la viongozi wa wapagazi katika misafara ya bara, likaingia na magerezani, na Ngome ya Yesu yenyewe ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, kwa hiyo katika mtaa wetu wazee hulitamka kwa uzito. Yeye hakulionea haya. Siku ile alisikia mlio ambao sisi wengine hatukuusikia. Alipaza sauti mara moja, "Nje!", na watu wanane walitoka bila kuuliza, mhandisi akiwa wa kwanza, kalamu yake imebaki sakafuni. Boriti tatu zilishuka na dari yote, na vumbi likatoka dirishani kama moshi. Hakuumia mtu. Asubuhi ile hakukuwa na nafasi ya kikao. Watu walimtii kwa sababu katika miezi minne hakuwa amepaza sauti hata mara moja, akaitunza kwa siku iliyoihitaji.

Miaka mitatu baada ya hapo nilipelekwa kwenye mafunzo ya siku mbili, hoteli moja ya ufuoni kaskazini mwa kisiwa. Tulipewa karatasi za maswali ya kupima tabia, kila mtu akatoka na herufi nne, na tukaelezwa habari za wataalamu. Nilipenda ile ya Kurt Lewin na wenzake, ambao mwaka 1939 walichapisha matokeo ya kuwaweka wavulana wa miaka kumi katika vikundi vya kazi za mikono, kama kutengeneza vinyago, huko Iowa, Marekani, vikundi vikibadilishiwa viongozi wa namna tofauti: mwenye kuamuru, mwenye kushirikisha, na mwenye kuachia. Kiongozi wa amri alipotoka chumbani, kazi ililegea. Aliyewashirikisha alipotoka, waliendelea. Nilimkumbuka bosi wa saruji na simu zake. Tukaelezwa pia habari za Geert Hofstede, Mholanzi aliyekusanya majibu ya wafanyakazi wa IBM wa nchi nyingi, Afrika Mashariki ikiwemo, akapima jinsi watu wa chini wanavyoona umbali kati yao na wakubwa. Kwetu umbali huo ulionekana mkubwa, na mwalimu akaeleza kwamba mahali kama hapo watu huogopa kuwapinga wakubwa wao.

Niliinua mkono. Nilisema kwamba ninakotoka watu hupinga kila siku. Hupinga kwa mjumbe, kwa leso, kwa kukawia, kwa fumbo, kwa "inshallah" iliyovutwa mwishoni, na kwamba mkubwa wa zamani wa mtaa alikuwa akizijua njia hizo zote na akizijibu kwa njia hizo hizo. Woga uliopo ni wa kumwaibisha mtu mbele ya watu, na huo si sawasawa na woga wa kusema. Mwalimu alikuwa muungwana, akaniomba nije mbele nieleze zaidi. Nilieleza habari ya Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Chumba kizima kilikuwa kimya, kisha mama mmoja wa hospitali akasema, "Wauguzi wangu." Mwingine akasema, "Madereva wangu." Tuliendelea mpaka chakula kikapoa.

Ami amerudi Lamu. Macho hayamruhusu tena kuisoma chokaa, lakini mkono unamruhusu, na vijana humpelekea vipande vya lipu avipapase. Nikimpigia simu hunisomea hali ya ukuta wa msikiti wa mtaani kwake kabla hajaniuliza habari ya watoto.

Mwaka jana nilikuwa na kazi karibu na Ndia Kuu, na kwenye kikosi kulikuwa na kijana mwashi wa miaka ishirini na mbili, hodari, mwepesi wa mkono. Nilimuonyesha pembe ya ukuta wa ngazi, nikamwambia nataka tuanzie hapo, twende juu. Alikuwa ameshika pima maji. Alilitazama lile tone la hewa katikati ya kioo, akalitazama muda mrefu kidogo kuliko linavyohitaji kutazamwa.

"Sawa," akasema.

Nikalifunga daftari. Muuza kahawa alikuwa anapita kwa nje na dele lake, vikombe vinalia mkononi. Nikamwita, nikamwambia atumiminie viwili, nikaketi kwenye ngazi na kumsogezea kijana nafasi.